Omena Aliyoitoa Baba

Pua yangu haijawahi kuteseka kama siku ile wakwe wa mdogo wangu walipokuja kwetu Ndalu.

Ilikuwa ile miaka simu za mkono zimeanza kuzoeleka vijijini, lakini watu bado wanazungumza nazo kwa kupiga kelele. Mimi nilikuwa naishi Matisi, nikiuza chakula cha mifugo dukani Kitale mjini. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa mwenye imani mbili: Mungu, na omena, wale dagaa wa ziwani. Omena iliyovunjikavunjika, ambayo wengine huwapa kuku, yeye aliichanganya na pumba za mahindi akawapa kondoo wake wadogo. "Kondoo yangu haiwezi kurara njaa," alikuwa akisema. Na kweli walinenepa, mikia ikawa inayumba wakitembea.

Shida ilikuwa nyama. Krismasi tulichinja mmoja. Mume wangu alitafuna kidogo, akaniinamia na kuniuliza kama huyo kondoo alifugwa ziwani.

Mwenye duka letu ndiye aliyenieleza kwamba samaki akizidi katika chakula cha kondoo, harufu yake hukaa kwenye mafuta. Dawa ni kumwachisha wiki kadhaa kabla ya kuchinjwa, ale majani na marando ya viazi vitamu, mafuta yasafike. Nikaliweka hilo kichwani, maana mdogo wangu alikuwa amepata mchumba kutoka mlimani Elgon, na huko ni watu wa kondoo tangu jadi. Mjomba wa kijana hakuitaka ndoa hiyo. Alikuwa amesema wazi kwamba sisi wa huku chini tunajua mahindi tu, na kwamba angekuja kuona tunavyokaribisha wageni. Mdogo wangu alikuwa halali usingizi.

Nikampigia baba simu mapema. "Baba! Hao kondoo wa wageni, toa omena!"

"Nimesikia, mama! Nitatoa!"

Nilifika nyumbani asubuhi ya sherehe. Kondoo walikuwa wameshachinjwa. Nikachungulia stoo, omena yote imekwisha. Nikamuuliza baba ilikwenda wapi.

"Si nilitoa," akasema, uso umejaa furaha. "Nilitoa yote, tena bila kunung'unika. Kutoa ni moyo, si utajiri."

Nani huwanyima kondoo samaki kwa moyo? Kumbe aliwalisha yote, nikawaza. Nilitaka kuuliza tena, lakini alikuwa na wazee wenzake wakisimamisha turubai, na baba yangu hakuwa mtu wa kuhojiwa mbele ya wenzake. Nikaenda jikoni kunusa. Nilinusa sufuria, nikanusa mwiko, nikanusa vidole vyangu. Kila kitu kilinukia moshi na kitunguu, lakini hofu nayo ina pua yake, na yangu ilinusa omena hadi kwenye chai. Mama akanifukuza. "Wewe ni paka ama ni nini, bana?"

Mjomba aliwekewa mafuta ya mkia, kipande cha heshima. Alikiinua, akakisogeza puani, akatulia. Mdogo wangu alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Mjomba akakila. Akatafuna polepole, mtu mzima asiye na haraka na roho za wenzake.

"Hawa kondoo mliwalisha nini?" akauliza.

Mama akajifanya anapanga sahani. Mjomba akaendelea.

"Nauliza kwa sababu hii ni kama ya kwetu kabisa. Ongezeni hapa." Akasukuma sahani.

Nilifurahi mpaka nikakaa chini, papo hapo kwenye nyasi, na nguo yangu mpya. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka pamoja. Bado sikuelewa, lakini nani anahoji muujiza?

Baada ya kula, mchungaji wetu akasimama kushukuru. Akawashukuru wageni, akawashukuru wapishi. Kisha akamgeukia baba.

"Na huyu mzee wetu, Mungu ambariki. Siku ya sadaka ya mavuno wengine walileta mahindi, yeye akaleta gunia nzima ya omena mpaka madhabahuni. Kanisa ilinuka wiki mbili, lakini wajane walikula."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilicheka hadi machozi yakanitoka, na baba akanitazama kwa mshangao.

"Sasa unacheka nini, mama? Si ni wewe uliniambia nitoe?"