Benchi la Mtumbwi

Shule ilitugharimu mtumbwi mmoja mzima na bidoni moja, dumu zima, ya mawese. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Hata leo nikisikia harufu ya lami imechanganyika na ya ndagala, dagaa wa kwetu, narudi darasa la tatu, Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, wakati wa vita.

Watu waliokimbia milimani walikuwa wamelala madarasani msimu mzima wa mvua, wakapikia madawati yote. Nani angewalaumu? Kuni zilikuwa mbali na njiani kulikuwa na risasi. Shule ilipofunguliwa tena, direkteri, mwalimu mkuu wetu, alisimama mlangoni akamwambia mama, "Haki ya kusoma iko, mama. Pa kukaa ndiyo hakuna. Kila mutoto aje na benchi yake."

Mbao hazikupatikana. Lakini uvuvi wa usiku ulikuwa umekatazwa, na mtumbwi wa baba ulikuwa umelala mchangani ukikauka. Mama akamwita fundi Mkongomani aliyeunda mitumbwi pale ufukoni, akamlipa kwa mawese aukate uwe benchi. Baba alikwenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka msumeno uliponyamaza.

Fundi yule hakuwahi kuunda kitu kisichoelea. Benchi lilitoka limepinda kama ubavu wa mtumbwi, kila ufa umezibwa kwa pamba na lami.

"Fundi, kwani darasani kutaingia maji?" mama akauliza.

"Mama, kazi yangu haivuji."

Direkteri alilizunguka, akaniandika mimi peke yangu. Mama hakuondoka. "Benchi iko na nafasi ya batoto bane, direkteri. Kama unaandika mumoja, nakukatia kipande cha mumoja, kingine narudi nacho." Nyuma yake walisimama kaka yangu na watoto wawili wa wale waliopikia madawati. Tukaandikwa wote wanne. Tuliteleza kuelekea katikati mwaka mzima, tukasoma tumebanana.

Ziwa lilipofunguliwa, baba alivua kwenye mitumbwi ya watu hadi uzeeni.

Juzi nilimpeleka binti yangu shule ileile. Katiba inasema kila mtu ana haki ya kusoma. Nimeisikia redioni kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Direkteri wa sasa, kijana mpole, akaniomba nilete benchi. Nyuma yake niliona letu, bado limepinda, limebeba watoto watano. Nikilichukua, watano wanakaa chini. Nikiliacha, nanunua la pili. Na baba yuko hai, bado anauulizia mtumbwi wake. Ninyi mnaosoma haya, nishaurini: niudai kwa nani?