Shati la Buluu la Renae

Katika kata yetu, yaani usharika wetu wa kanisa, akina mama walikuwa na mzaha wao: Dada Arvilla Mikkelsen akikukazia macho kanisani, kamwone daktari, huenda anakupima nguo za kuzikiwa.

Yeye mwenyewe alicheka kuwashinda wote. "Wewe LaRue nikupime na nini, mabega kama ya farasi! Siku hiyo utanitoa jasho."

"Basi tangulia wewe," LaRue alimjibu, "nikuvike mimi, na soksi nikugeuzie ndani nje."

Mzaha huo haukutoka hewani. Kwetu, mwanamke aliyefanya maagano na Mungu hekaluni akifa, wanawake wenzake ndio humvika mavazi meupe ya hekalu. Na katika mji wetu, huku bonde la Sanpete, mikono ya kuvika ilikuwa ya Arvilla. Aliianza kazi hiyo akiwa bado bibi harusi, mama mkwe wake alipofariki theluji ikiwa imeziba barabara na hakuna mwingine wa kufika, na tangu siku hiyo hakuna aliyefikiria kumwita mtu mwingine.

Alizaliwa kwenye shamba la bata mzinga, akaolewa na Verl, mfugaji wa kondoo, wakapata mtoto mmoja tu, Renae. Verl aliangukiwa na trekta akafa, binti akiwa bado anacheza na mwanasesere. Baada ya hapo Arvilla akawa wa watu wote. Ukijifungua, huyo mlangoni na bakuli la viazi vya jibini. Ukifiwa, huyo tena, na bakuli lilelile. Pichi alizohifadhi kwenye chupa zilijaa makabati ya wenzake, lake likabaki tupu.

Mara ya kwanza kumsaidia nilidhani nitaanguka. Yeye akamwinamia marehemu, akamwambia, "Haya dada yangu, lete mkono. Ala! Mkaidi vilevile!" Nikacheka, nikalia, kisha nikaikunjua ile kanzu nyeupe.

Tuje kwa Renae, maana ndiye aliyekuwa maisha ya mama yake. Alipokwenda hekaluni kufunga ndoa, Arvilla alimshonea mavazi yote meupe ya hekalu kwa mkono. Ndoa ikavunjika, na imani ya binti ikafuata njia hiyohiyo. Akahamia Nevada, akaendesha malori ya mgodini, mwishowe akaliandikia kanisa lifute jina lake katika orodha ya waumini. Mama hakumfukuza wala hakumhubiria. Kila Jumapili walipigiana simu, wakazungumza juu ya mvua na bei ya nyama. Lakini yale mavazi Arvilla aliyatunza sandukuni, na kila majira ya kuchipua aliyafua na kuyapiga pasi.

"Atarudi," aliniambia. "Asije akayakuta yamegeuka manjano."

Akarudi kweli, saratani ikiwa imeshafika kwenye ini. Siku moja nilikuwa kwenye sinki naosha vyombo, Arvilla akimnywesha bintiye supu.

"Mama."

"Mh."

"Nikifa usinivike zile nguo."

"Kunywa supu."

"Nakujua wewe. Nikifumba macho tu utanikamata kama bata mzinga."

Arvilla akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Nivike shati langu la buluu. Lile la kazini."

"Lina doa la grisi."

"Hilohilo."

"Na siku ya ufufuo utasimama na nani, wewe na grisi yako?"

"Na madereva wenzangu."

Mama yake alichukua bakuli akaenda kuimwaga supu, nusu yake haijanywewa. Kwake hayo hayakuwa mazungumzo ya nguo. Aliamini kwamba asubuhi ile ya ufufuo watu wa nyumba moja wataamka pamoja, weupe kama walivyolazwa. Na Renae ndiye nyumba yote aliyobakiwa nayo.

Renae alifariki Februari. Kwa taratibu zetu, aliyefuta jina lake havikwi mavazi yale. Lakini askofu wetu, yaani kiongozi wa kata, kijana ambaye kazi yake ni udaktari wa mifugo, alimwita Arvilla kando, akamwambia kwa upole, "Dada Mikkelsen, mimi sitaingia mle ndani, na jeneza litakuwa limefungwa. Fanya moyo wako utakavyokutuma."

Tuliingia wawili chumbani alimolazwa. Alikuwa amebeba vyote viwili, mavazi na shati. Aliikunjua kwanza ile kanzu nyeupe, akamtandazia bintiye kifuani, akarudi nyuma kumtazama. Alipendeza, sitasema uongo.

"Mvike," nikamwambia. "Huko aliko ameshaelewa."

"Ameelewa nini? Juzi tu alikuwa jikoni kwangu akikataa."

Akashika upindo wa kanzu.

"Hao wengine wote niliowavika, hakuna aliyeweza kunikatalia," akasema. "Huyu amenikatalia, tena akinitazama usoni."

Akaiondoa kanzu. Alimvika shati, na kwa mara ya kwanza niliiona mikono yake ikikosea: vifungo vilipishana, akafungua, akaanza upya. Hakutaka nimsaidie. Hakusema neno na maiti.

Arvilla hakuficha alichomvika, na mazishini baadhi yetu walinong'ona kwamba mama mwenye imani angempigania mtoto wake mpaka mwisho. Yalimfikia. LaRue alipomletea viazi vya jibini, alilipokea bakuli kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, hajui aliweke wapi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaendelea kuwavika wengine, mavazi meupe, mmoja baada ya mwingine. Hatukumtaja Renae. Kisha mchana mmoja, nikimpeleka kwa gari kwa mjane aliyevunjika nyonga, sufuria ya supu mapajani mwake, akaniuliza huku akiangalia milima:

"Watakaponilaza mimi na zile nyeupe. Asubuhi ile, unadhani yeye atanijua?"

Nikapunguza mwendo. Nilikuwa nimefundisha darasa la Jumapili nusu ya maisha yangu.

"Endesha," akasema. "Supu inapoa."