Bibi Alivyoiuliza Redio

Mabibo ya mkorosho yakioza juani hutoa harufu tamu inayokwaruza pua, na hata leo nikiinusa nasikia pamoja nayo sauti ya mwanamume anayesoma habari. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila Jumamosi alasiri, redio ya kijiji chetu karibu na mdomo wa Ruvuma iliwekwa juu ya meza ndani ya ghala la korosho. Tangu asubuhi mawe yake, yaani betri, yalikuwa yameanikwa juani kama dagaa, ili yapate nguvu. Redio ilikuwa ya watu wote, lakini mawe yalikuwa haba, kwa hiyo tuliyatunza kwa kipindi kimoja tu: habari za wiki nzima kwa mkupuo. Mimi sikuvuka darasa la pili, na sioni haya kusema hivyo. Dunia niliisomea juu ya magunia ya ghala lile.

Wazee wengi Kiswahili cha redioni kiliwapita. Mama Asumini, mke wa mwenyekiti wa kijiji, alisimama kando ya meza akigeuza kila habari kwa Kimakonde, na mtangazaji akimkimbia alisema, "Hayo mengine ya Ulaya," akaruka. Mimi nilichungulia nyuma ya redio, nijue mtu yule amekaaje mle. Bibi yangu hakujali amekaaje. Mwanawe wa mwisho, mjomba Rashidi, alikuwa amevuka mto kumfuata mkewe, vita vya Wareno vikamkuta huko huko, na hakuna aliyejua kama yu hai. Basi Jumamosi moja, mtangazaji alipovuta pumzi, Bibi alisimama akamwuliza habari za mwanawe. Ghala zima likacheka.

"Bibi, huyu hasikii," Mama Asumini akamwambia. "Yeye anasema tu."

"Mtu aseme muda wote huo asisikie? Basi ana kiburi huyo."

Jumamosi iliyofuata akauliza tena. Mwenyekiti aliona vibaya mtu mzima kuchekwa na watoto, akaweka utaratibu: redio ikizimwa mtu asiondoke, mwenye habari aseme, mwenye swali aulize. Hivyo ndivyo kipindi chetu wenyewe kilivyozaliwa, na hakikuwa na adabu za redio. Nguruwe pori wameingia shamba la ujamaa kwenye zamu ya nani, nani hujifanya mgonjwa siku ya palizi, yote yalisemwa mwenyewe akiwepo. Watu wa vijiji jirani wakaanza kuja. Wachuuzi wa samaki wakavu kutoka Msimbati wakapanga safari zao ziangukie Jumamosi. Na mwisho wa yote Bibi husimama: Rashidi, mrefu, ana kovu la moto shavuni, nani kamwona? Watu wanatikisa vichwa. Anakaa. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Masika yalipoisha, mchuuzi mmoja mwanamke alishusha tenga lake la samaki mlangoni, hakungoja hata zamu yake.

"Bibi, swali lako nililibeba mpaka kivukoni, wakalivusha. Rashidi yupo. Anasuka madema ya kutegea samaki, ana mtoto. Anasema mto ukipungua anakuja."

Bibi alifungua pindo la kanga, akatoa korosho za kukaanga, akaziweka juu ya redio iliyokwisha kuzimwa. Mama Asumini alitaka kumweleza kwamba si redio iliyomtafuta. Mumewe akamshika mkono. Rashidi akaja kweli, mtoto mabegani, na Bibi alikufa akijua redio ndiyo iliyomtafutia mwanawe. Ni nani aliyelivusha lile swali, na lilipita midomo ya akina nani, hadi leo nauliza na sijapata jibu.

Sasa nina nyumba Magomeni, niliyoijenga kwa korosho zangu, na televisheni pana kama mlango, na waya wa kebo. Jumamosi kuna kipindi cha habari za wiki. Nakipenda, sitadanganya, bado nataka kujua. Lakini watangazaji wakishaaga, linakuja tangazo la sabuni na kila mtu nyumbani anarudi kwenye simu yake. Juzi nimeambiwa na jirani kwamba mjukuu wangu, anayelala chumba cha pili kutoka changu, aliachishwa kazi bandarini zamani. Habari za Ulaya ninazo. Za chumba cha pili nimeletewa na jirani.

Kwa hiyo siku hizi rimoti naishika mimi. Kipindi kikiisha nazima, na mtu haondoki. Jumamosi ya kwanza walinuna wote. Iliyofuata, mjukuu alikohoa kidogo, akasema, "Babu, mimi nina habari."