Bibi Haombi Umeme

Mwaka jana, joto lilipokuwa bado linatupasha tu na halijaanza kutukaanga, Ami alitangaza katikati ya chakula cha Ijumaa kwamba Bibi anahamia kwetu Al Hail, hapa Muscat. Aliitangaza habari hiyo kama watu wanavyotangaza mwezi kuandama: umeonekana, hakuna wa kubisha. Bibi mwenyewe hakuwepo mezani. Alikuwa kwake, kwenye bonde nyuma ya Yiti, pengine anawatukana mbuzi wa jirani walioingia kwenye ndimu zake.

"Kwani Bibi kasemaje?" nikauliza.

"Bibi yako atasema baadaye."

Ami ni kaka mkubwa wa baba yangu, na nyumba ya Al Hail tunakaa naye. Akizungumza yeye, Baba huanza kutafuta miiba kwenye sahani, hata siku tunayokula kuku. Kwa hiyo nyumbani kwetu mwenye mdomo ni mimi, binti wa miaka kumi na sita, na mdomo wenyewe umeshaniletea kesi nyingi.

Nitamtendea haki Ami, ingawa hajaniomba. Nguzo ya mwisho ya umeme imesimama mbali na nyumba ya Bibi. Yeye anaishi kwa jenereta la dizeli ambalo likiwaka linakohoa kama mzee aliyemeza shubiri. Kiangazi cha kabla yake liliharibika, na tulipofika tukamkuta Bibi kalala sakafuni ukumbini, anajipepea na kifuniko cha sufuria. Yeye alisema anajipumzisha. Ami alisema anakufa. Wote wawili walikuwa wanasema kweli kidogo. Sasa Ami alikuwa ameamua: nyumba ile ikifika joto lijalo bila umeme wa kutegemewa, inafungwa, na Bibi anapewa chumba kwetu.

Mimi namjua Bibi yangu. Ukimweka kwenye chumba cha Al Hail, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, utakuwa umemhifadhi kama nguo za sikukuu. Nikasema, "Mimi nitamtafutia umeme wa jua. Kuna misaada."

Meza nzima ikacheka. Ami akafuta machozi. "Wewe? Wewe uliyefeli fizikia?"

"Sikufeli, Ami. Mwalimu hakunielewa."

Nikaanza kutafuta. Ikiwa hujawahi kutafuta msaada wa umeme wa jua kwa ajili ya bibi anayekaa bondeni, nikupe picha. Tovuti ya kwanza ilikuwa ya makampuni. Ya pili ilikuwa ya mashamba makubwa, na ndimu za Bibi hazikujaza hata kona ya picha yao. Ya tatu ilikuwa na mtoto anatabasamu karibu na paneli, na chini yake maneno kwamba kwa mwongozo zaidi wasiliana na ofisi. Nikapiga simu ofisini. Wakaniambia mwongozo wote upo kwenye tovuti. Nikarudi kwenye tovuti. Yule mtoto bado alikuwa anatabasamu.

Nikaenda mwenyewe. Ofisi ilikuwa upande wa Madinat Sultan Qaboos, na nilishuka na sare ya shule na begi mgongoni, maana nilikuwa nimemwambia Mama naenda kwa rafiki kusoma. Kijana wa dirishani alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwa Kiarabu kwamba mpango anaoujua yeye ni wa nyumba zilizokwisha kuunganishwa na umeme wa serikali. Yaani, ili usaidiwe kupata umeme, sharti uwe nao.

Nikageuka, nikajisemea kwa Kiswahili, "Huyu naye kichwani kwake umekatika zamani."

"Umekatika, au fyuzi ndiyo imeungua?" sauti ikajibu nyuma yangu.

Hapa Muscat mtu hatukani kwa Kiswahili kabla ya kutazama nyuma. Nalijua hilo tangu utotoni na bado sijifunzi. Aliyejibu alikuwa dada mmoja, mhandisi wa ofisi hiyo hiyo, kashika kikombe cha chai, anacheka mpaka chai inamwagika.

"Watu wa wapi nyie?" akaniuliza.

"Bibi yangu kazaliwa Wete, kisiwani."

"Sie watu wa Mkoani. Haya, kaa kitako unambie."

Nikamwambia yote: bonde, jenereta, kifuniko cha sufuria, Ami. Akaniambia kwamba upo mpango mwingine, mdogo, wa nyumba zilizo mbali na nguzo, na kwamba watu hawaujui kwa sababu hauna picha ya mtoto. Akanifundisha mambo ambayo hakuna tovuti iliyowahi kunifundisha. Paneli zisikae kwenye kivuli cha mtende, hata kivuli chembamba, na zifutwe vumbi mara kwa mara. Betri ziwekwe chumba chenye ubaridi, zisiokwe juani. Halafu akaniambia lililo kubwa.

"Nitakuja mwenyewe kuangalia. Nataka kuona shida ilivyo. Msipambe kitu. Nikikuta hakuna shida, hakuna msaada. Umefahamu?"

"Nimefahamu, dada."

Nilifahamu mimi. Nilisahau kwamba mwenye nyumba ni Bibi.

Siku ya ukaguzi Ami ndiye aliyenipeleka, kwa sababu gari lake ndilo linaloweza mawe ya bonde lile, na kwa sababu alitaka kuwepo nikishindwa. Njia nzima alikuwa anapiga mluzi. Tulipokaribia, kabla sijaiona nyumba, nikaisikia. Jenereta lilikuwa linanguruma. Saa nne asubuhi! Jenereta ambalo Bibi huliwasha baada ya alasiri tu, tena kwa kulihurumia!

Ndani kulikuwa kama arusi. Taa zote zinawaka mchana kweupe. Feni zinazunguka, moja nikaitambua kuwa ya jirani mwenye mbuzi. Televisheni imewashwa, Waturuki wa tamthilia wanalia kwa Kiarabu na hakuna anayewatazama. Udi unafuka. Mkekani kuna sambusa, mkate wa kumimina, halwa, tende na birika la kahawa. Na Bibi mwenyewe kakaa katikati, kavaa zile nguo zake za kuendea arusi za watu wakubwa.

"Bibi," nikamnong'oneza, "tulisemaje kwenye simu? Tulisema anakuja kuona shida!"

"Mgeni haonyeshwi shida," akasema. "Mgeni hupewa kahawa. Na wewe kajifunge mtandio vizuri."

Mhandisi akafika. Kwanza kahawa. Kisha Wete na Mkoani: nani kamuoa nani, nani kahamia lini, nani alikuwa na duka karibu na msikiti, mpaka ikagundulika kwamba shangazi wa mhandisi aliwahi kusoma chuo cha Kurani na dada yake Bibi. Hapo ndipo roho yangu ilipozama kabisa. Sasa hakuwa mgeni tu. Alikuwa mgeni wa kwetu. Bibi yangu angekubali kunywa dizeli kuliko kulia shida mbele ya mgeni wa kwetu.

"Sasa, Bibi," mhandisi akasema, "umeme wenu unatosha?"

"Alhamdulillah. Unatosha na kubaki."

"Na joto?"

"Joto lipo kwa hao wa Al Hail, mwanangu. Huku tuna upepo."

"Na friji inapoza?"

"Inapoza mpaka meno yanauma."

Nikapaliwa na tende. Ami akanigonga mgongoni kwa furaha isiyo ya kawaida. "Umesikia mwenyewe, bint," akamwambia mhandisi. "Mama hana shida na msaada wenu. Na karibu tutamhamishia mjini, hata hiyo nyumba itafungwa. Tusikupotezee muda."

Bibi akamtazama mwanawe. Angesemaje? Kumbishia Ami ilikuwa ni kukubali kwamba kuna jambo nyumbani, na mgeni bado alikuwa na kikombe mkononi. Mhandisi akanitazama mimi, kisha akaanza kufunga mkoba wake, polepole.

Nikatoka nje. Nikaenda nyuma ya jiko, nikalizima jenereta.

Kimya cha bonde ni kikubwa. Unasikia mbuzi wa kilima cha pili wakitafuna. Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Waturuki wakafa wote kwa pamoja. Niliporudi ukumbini joto lilikuwa limeshaingia bila kupiga hodi.

"Limejipumzisha tu," Bibi akamwambia mgeni, anatabasamu, jasho linamtoka chini ya mtandio. "Huwa linajipumzisha."

"Nani kalizima?" Ami akauliza.

"Mimi."

"Huna adabu!"

"Sina, Ami. Uliniambia zamani." Nikaenda moja kwa moja kwenye friji, iliyosimama pembeni ya ukumbi na kitambaa cha kufuma kichwani, nikaufungua mlango wake wazi, mbele ya mgeni.

Nieleze, kwa asiyelelewa na watu wetu. Kufungua friji ya mtu mbele ya mgeni ni kama kumvua mwenye nyumba nguo. Ndani mlikuwa na sukari, iliyofichwa humo isipate sisimizi. Unga. Bizari kwenye makopo ya maziwa. Na kwenye droo ya mboga, kanga zimekunjwa safi, zinanukia udi. Hakuna kilichokuwa cha baridi. Friji ile ilikuwa kabati tangu kiangazi kile.

Ami aliitazama ile friji kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa, maana yeye akija kwa Bibi hukaa akaletewa.

"Funga," Bibi akasema.

"Sifungi, Bibi."

"Nnakwambia funga, mwanaharamu mkubwa we!"

Nikafunga. Kuna ujasiri, na kuna kutaka kupigwa kwa kandambili mbele ya wageni.

Bibi akakivuta kikombe chake, akakiweka kando. Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ile ya kukaribisha. "Haya, mwanangu, ushaona. Friji ni kabati. Mashine haina nguvu, na dizeli nnamngoja mtu aniletee. Kisima nnateka kwa mkono. Mie siombi mtu, sijapata kuomba na sianzi leo. Lakini andika na hili, uliandike kubwa: sihami."

"Mama," Ami akasema, "chumba tushakipaka rangi..."

"Mpe mgeni. Mie nna nyumba."

"Mama, ulianguka hapa! Nilikukuta mimi, hapo hapo sakafuni! Unataka nikukute tena?" Sauti yake ilikatika.

"Basi nisaidie nisianguke," Bibi akasema. "Hapa. Si kwako."

Mhandisi akaufungua tena mkoba. "Mpango wetu ni wa nyumba inayokaliwa," akasema, akimtazama Ami kwa upole. "Kama mnamhamisha, mimi sina cha kufanya. Nyumba ya nani hii?"

"Yangu," akasema Bibi. "Kaniachia marehemu."

"Basi jibu lako ndilo ninalolichukua."

Ami hakusema ndiyo. Alisimama, akatoka nje, na baada ya muda tukasikia anahangaika na jenereta. Likakohoa, likawaka. Bibi akammiminia mgeni kahawa nyingine.

Msaada ulitoka, mdogo, kama alivyosema dada yule: paneli na betri za kutosha taa, feni, friji na pampu ya kisima. Kiyoyozi hakimo. Ami aliung'ang'ania huo upungufu wiki kadhaa, kisha akaja na kivuli cha turubai kwa ajili ya ua, akakifunga mwenyewe, huku Bibi amesimama chini anamwambia kamba imepinda. Joto likaja. Ami sasa huenda bondeni kila Ijumaa, na akifika huifungua friji kabla hajasalimu, anaweka kiganja ndani. Haambiwi kitu.

Mimi ndiye ninayeambiwa. Bibi hajanisamehe, na sijamwomba anisamehe. Kila akija mgeni, Bibi huninyooshea kidole, birika la maji baridi likiwa mkononi mwake: "Huyu ndiye aliyenifungulia friji mbele ya watu." Nainamisha kichwa kama mwenye haya. Ningerudishwa siku ile ile, ningefungua tena friji, na kabati la nguo, na sanduku la chini ya kitanda.