Ukanda wa Akiba

Mama mwenye mashine ya kusaga pale Gesima alipenda faida wala hakuficha. Alisaga akiimba nyimbo za Sabato, nyusi zimejaa unga, na kila Ijumaa jua lilipoinama, Sabato ikikaribia kuingia, alizima injini, foleni iwe ndefu vipi. Ijumaa moja ya mwaka 1971, mashine ya mpinzani wake ng'ambo ya kijito ilikatika ukanda, na wateja wote wakammiminikia yeye. Bochaberi, mteja aliyekuwa mbele ya foleni, alimwona akiutazama umati, akalitazama jua, kisha akautungua ukanda wake wa akiba ukutani.

“Mpelekeeni upesi. Peke yangu sitawamaliza kabla ya Sabato, na watoto watalala njaa.”

“Mama, si huyo anayekunyang'anya wateja?” Bochaberi akauliza.

“Jumapili nami nitamnyang'anya wake.”

Punde injini ya pili ikanguruma ng'ambo. Foleni nzima ikashangilia, na Bochaberi akajikuta anapiga vigelegele.