Maboksi ya Vyungu vya Mama Mkwe

Hakuna kitu cha mjini kinachoweza kunishangaza mimi, hasa kitu kitupu. Nasema kitupu kwa sababu maisha yangu nimeyaanza na vitu vitupu. Nilipoacha kukata miwa mashambani nikaingia Morogoro Mjini na begi moja na shule ya darasa la tano, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kuzunguka mitaani nikinunua chupa tupu, madumu matupu, ndoo zilizoisha rangi na viroba vilivyoisha unga. Naviosha, naviuza. Dumu la lita ishirini nilikuwa naliwekea pua tu nakwambia lilikuwa la alizeti au la mawese, na kama linafaa kuwekwa maji ya kunywa au halifai. Kutoka hapo nikaingia kwenye tofali, kutoka kwenye tofali nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, na leo watu wenye digrii zao wanakuja kuniuliza nyumba ya vyumba vitatu inakula mifuko mingapi ya saruji. Nawajibu hapo hapo, bila kalkuleta.

Kwa hiyo tulipomaliza nyumba yetu wenyewe, upande wa Mzumbe, mahali ambapo ukifungua dirisha la jikoni milima ya Uluguru inakuwa kama imekuja kuomba chumvi, mimi nilijua kuhama ni shughuli ya asubuhi moja. Kirikuu lije, lipakie, liende, lirudi, basi. Mwenye nyumba wetu wa Mji Mpya alikuwa ameshapata mpangaji mwingine wa kuingia Jumapili. Sisi Jumamosi tuwe tumetoka.

Mke wangu alikuwa amekaa jikoni akikunja vitenge.

"Nguo kwenye viroba, sawa," alisema. "Sufuria kwenye mabeseni, sawa. Vyungu vya mama je?"

Hapo nieleze. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anakaa Mlali, chini ya mlima, na enzi zake alikuwa mfinyanzi anayejulikana mpaka huko juu kwenye mawingu. Sisi tulipooana alimfinyangia binti yake vyungu vitano. Kuna mtungi wa maji, ambao mpaka leo tuna friji la milango miwili lakini watoto wanaupita mlango wa friji kwenda kunywa mtungini. Kuna cha maharage, cha kisamvu, cha mboga, na kimoja kidogo cha kuchemshia dawa. Siku hizi vidole vyake vimejikunja, hata kushika kikombe anashikia mikono miwili. Udongo ameshauaga. Kwa hiyo vile vitano ndivyo vilivyopo, na hakuna cha sita. Mke wangu hana dhahabu, hakuwahi kuniomba dhahabu, lakini kwenye vile vyungu hataki mchezo.

"Nitavitafutia maboksi," nikamwambia. "Boksi ni kitu gani?"

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la jumla karibu na soko. Tunafahamiana miaka. Alikuwa ananiuzia sabuni ya kuoshea madumu yangu tangu navaa kandambili zilizofungwa waya.

"Shikamoo mzee. Leo nataka maboksi."

"Marahaba. Ya nini ndani?"

"Matupu."

"Matupu yameshauzwa."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Alinionyesha kwa kidevu lundo la maboksi nyuma ya kaunta, yamefungwa kamba vizuri kabisa kama mzigo wa mtu.

"Hayo ya wamama wa vifaranga. Yale pale ya muuza viatu. Zamani nilikuwa nalipa mtu akayachome, rafiki yangu. Siku hizi yana foleni."

"Mzee, mimi nimenunua sabuni kwako miaka mingapi?"

"Mingi. Na kila mara uliondoka nayo kwenye boksi. Maboksi yako unayo wewe."

Wateja walikuwepo, wakacheka, na mimi nikacheka maana aliyenipiga ni mkubwa. Ila kwenye bei simuachii mtu. Alianza na elfu mbili kwa boksi. Nikamwambia maboksi ya sabuni yana harufu. Akasema harufu nzuri. Nikamwambia yale ya chini yamelala sakafuni. Akasema hata yeye analala. Tukaenda hivyo mpaka tukakubaliana elfu na mia tano, akanipa manane, na akaniongezea kamba bure, ambayo mtu mwingine asingepewa.

Lakini yalikuwa madogo. Chungu cha dawa kiliingia, cha mboga kiliingia kwa kubembelezwa, mtungi hata bega haukuingiza. Nikahitaji makubwa.

Makubwa ndiyo yenye mambo. Mji wetu huu kila mtu analo boksi kubwa, na hakuna anayelitoa. Lipo juu ya kabati la nguo chumbani, boksi la televisheni au la friji, limewekwa upande wenye picha ukiangalia mlango, ili anayeingia ajue kitu kilinunuliwa kipya. Nikagonga kwa jirani yetu, fundi magari, mtu ninayemkopesha misumari.

"Nisaidie lile boksi la tivii, Jumatatu nakurudishia."

"Lile haliwezekani, kaka. Lile ndilo gerentii."

"Si tivii yenyewe ilikufa mwaka juzi?"

"Tivii imekufa, gerentii haijafa," akasema. "Halafu na lako lile juu ya kabati vipi? Mbona hulichukui?"

Nikamwambia langu ni suala jingine. Ni inchi hamsini na tano, na picha yake haijapauka hata kidogo, na mtu aliyeanza na chupa tupu ana haki ya kuhifadhi boksi kama lile. Mke wangu alikuwa mlangoni anasikia. Aliinua nyusi tu akarudi ndani.

Nikaenda duka la majiko na feni. Kijana wa pale, kiduku kichwani, akanipa taarifa.

"Mkubwa, umechelewa. Madogo wa chuo wanafunga, wiki nzima wanabeba maboksi kutuma mizigo kwao. Yamebaki manne."

"Bei?"

"Elfu tatu tatu. Na hiyo nakuheshimu."

Nikalipa, maana Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Nikakodi guta la magurudumu matatu, nikaenda nalo mwenyewe nyuma nimeshika maboksi yasipeperuke, na watu wa Mji Mpya wakanisalimia kama mtu aliyetoka kununua kitu cha maana.

Kupaki nilipaki mimi mwenyewe. Hiyo kazi sikumwachia mtu, kwa sababu kila mtu anajua kuweka kitu ndani ya boksi lakini kuokoa nafasi ni akili. Nikafikiri hivi: chungu ni kitupu, tumbo lote lile limekaa bure. Na maharage yetu, debe zima, yanahitaji pa kukaa. Nikayamimina maharage ndani ya chungu cha maharage, mchele nikauweka kwenye cha kisamvu, karanga kwenye cha mboga. Juu nikafunga kitambaa. Pembeni nikasokota magazeti. Nikabana na soltepu chini, juu, kotekote. Kwa mpango ule nilikuwa nimeokoa maboksi matatu, na vyungu vilikuwa vimejaa, havichezi. Nikamwita mke wangu aone.

"Njoo uone kazi ya mtu. Hii hata ukiitupa toka mlimani inafika Msamvu nzima."

"Usiitupe," akasema.

Nikaliinua boksi la chungu cha mboga, nikalitikisa mbele yake asikie kimya chake. Nikaliinua juu zaidi, mpaka kifuani. Sasa mimi nasema hivi, na nitasema hivyo hivyo popote: lile boksi lilikuwa miongoni mwa yale yaliyolala sakafuni, na mvua za wiki ile zilikuwa zimepita chini ya mlango wa yule mzee. Tako lake lilifunguka lote kwa pamoja. Karanga zikamwagika kwanza, chungu kikafuata, kikaangukia mguu wangu, na kutoka mguuni kikabiringika hadi kwenye kizingiti.

Mguu ulivimba, lakini chungu kilipona. Kilitoka kipande kimoja tu mdomoni, upana wa ukucha wa dole gumba. Mke wangu alipiga magoti, akakizungusha, akakigonga kwa kidole kusikiliza kama kina ufa. Kikalia vizuri. Akakiokota na kile kipande, akakifunga kwenye pindo la khanga. Wala hakugomba. Kama angegomba ningejua pa kushika. Alichukua simu akatoka uani, nikasikia anaongea na mama yake kwa Kiluguru, polepole, kama mtu anayetoa taarifa ya mgonjwa.

Baadaye akaniletea simu.

"Mama anakutaka."

Mkwe si mtu wa kuongea naye umeegemea ukuta. Nikasimama wima, na mguu wangu ule ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na mguu."

"Nimeshapoa, mama. Boksi lilikuwa na maji, ila nimepata mengine mazuri, makubwa, magumu kabisa…"

Akaniacha nimalize. Nikayasifia yale maboksi mpaka nikaishiwa.

"Baba," akasema, "vile vyungu vilifikaje huko mjini mara ya kwanza?"

Nikakumbuka. Siku ile ya harusi walikuja navyo shangazi zake na mama wadogo, mmoja mmoja, kila mwanamke na chungu chake kichwani, wanaimba, wamekatiza mtaa mzima kuanzia walipoteremkia barabarani. Hakuna aliyeshika kwa mkono.

"Walivileta wamama," nikasema.

"Ndani ya boksi?"

"Hapana, mama."

"Haya. Basi vitahama kama vilivyokuja. Chungu cha mwanamke kikienda kwenye nyumba mpya kinapelekwa na watu wake. Hakipelekwi na karatasi. Wewe tutafutie usafiri tu, miguu yetu siyo ile."

Nikataka kumwambia kwamba maboksi nimeshalipia. Nikaangalia uso wa mke wangu, nikasema, "Sawa, mama."

Jumamosi nilituma Noah ya kukodi ikawafuate Mlali. Walishuka saba: mama mkwe na wanawake wa ukoo wake sita, wamevaa kama wanakwenda kwenye sherehe, na kwao ilikuwa sherehe. Yule shangazi mkubwa ambaye hajawahi kuniogopa alinitazama mguu.

"Mkwe, umepigwa na karanga?"

"Na chungu, shangazi."

"Afadhali. Karanga ingekuwa aibu."

Waliingia wakatoa vyungu vyote kwenye maboksi yangu. Soltepu yangu waliikata kwa kisu cha vitunguu. Maharage walirudisha kwenye debe, mchele kwenye kiroba, bila hata kuuliza nani aliweka. Kisha kila aliyepewa chungu akasokota kata ya khanga, akaikalisha mapajani, akakalisha chungu juu ya kata, akakikumbatia. Mtungi alipewa shangazi mkubwa, maana ndiye mwenye mapaja ya kutosha, alisema mwenyewe. Mke wangu alibeba kile chenye pengo. Mama mkwe alikaa mbele na dereva, na kila tulipokaribia tuta alikuwa anamwekea yule kijana mkono begani, na kijana anapunguza mwendo. Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye kirikuu, na vitanda na friji. Njia nzima nilikuwa naviona vile vichwa saba kwenye kioo, na hakuna hata kimoja kilichoruka.

Wakaingia nyumba yetu mpya wakiimba. Nyumba niliyoijenga mimi, kila tofali nililijua, lakini waliingia kama ndio wanaoifungua. Jikoni wakavipanga chini ya lile dirisha. Mama mkwe aliomba akalishwe karibu, akavigusa kimoja kimoja kwa kiganja, maana vidole havimtumikii tena. Alipofika kwenye kile cha mboga alikaa nacho kidogo, akapitisha kiganja mdomoni.

"Hiki nacho kimeng'oka jino," akasema. "Sasa kinafanana na mimi."

Wanawake wakacheka mpaka wakafutana machozi, na mke wangu, ambaye tangu ile juzi alikuwa ananijibu neno moja moja, alicheka akanishika bega. Hapo mimi nilijua tumehama.

Watu wa aina hiyo hawalipwi. Ukitoa hela umewatukana. Wanapikiwa, na kila mmoja anaondoka na doti ya khanga, na mkwe mwenye jina lake hawezi kununua khanga za kujificha. Nilikwenda dukani mwenyewe nikachagua. Wakala kuku na wali, wakapumzika, jua likaanza kuegemea. Wakati wa kuondoka shangazi mkubwa akasimama kibarazani mbele ya maboksi yangu, manane madogo na makubwa manne, moja halina tako.

"Mkwe, haya mnayafanyia nini?"

"Nilikuwa nafikiria kuyauza," nikasema. "Siku hizi yana foleni."

"Kuku wangu hawana pa kutagia."

"Wangu pia," akasema mwingine.

Mama mkwe alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti cha mbele cha Noah. Nikayapakia mwenyewe, hata lile bovu, na dereva akasema mzigo una nauli yake.

Vitanda, friji, makochi na kirikuu siviweki kwenye hesabu hii, hivyo ni vya kila mtu anayehama. Nazungumzia vyungu vitano, ambavyo asubuhi hii vipo pale dirishani, na mtoto wangu wa mwisho anakunywa maji mtungini. Maboksi, guta, soltepu, Noah na nauli ya mzigo, khanga, kuku na mchele: shilingi laki mbili, elfu sitini na saba, na mia tano.