Ndani ya Koti

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu wenye hasira. Nilifanya kazi ya huduma kwa wateja katika kampuni ya bima jijini Nairobi, nikiishi Syokimau karibu na stesheni kama watu wengi wa ofisini. Mtu amepata ajali, amelazwa, amefiwa, na fidia haijatoka: alinipigia mimi. Nilimwambia, "Pole sana kwa usumbufu," kisha nikapokea simu nyingine.

Asubuhi moja treni ilifika mjini, watu wakashuka, nami nikabaki nimeketi. Sikuwa nalia, wala sikuwa na maumivu. Niliiambia miguu isimame, ikakataa. Nakumbuka nikiitazama kwa mshangao, kana kwamba ni ya abiria mwingine.

"Madam, tumefika," mlinzi akaniambia.

"Najua. Lakini siwezi kuinuka."

Alinishika mkono akaniinua. Daktari niliyemwona siku hiyo hakunikuta na ugonjwa wowote. Akaniuliza, "Ukiwa nyumbani, simu ikilia unafanya nini?"

"Huwa naiweka ndani ya friji."

Aliacha kuandika, akanitazama, kisha akanipa likizo ndefu ya kupumzika.

Nikaenda kwa mama, mwaitu kama tunavyomwita kwetu, kijijini karibu na Tala. Mwanzoni nililala tu. Mama, ambaye sijawahi kumwona akilala mchana, alikuwa anakuja mlangoni, ananichungulia, anarudi kupukuchua mahindi yake.

Baridi ya mwezi wa saba iliponishika, nilimsindikiza sokoni, nikajichagulia koti la mtumba, la kiume, la sufu. Mikono yake ilinizidi. Nyumbani nikachukua wembe nifumue upindo ili niipunguze.

Chini ya bitana kulikuwa na kitambaa kigumu, kimeshikizwa kwa mishono midogo ya mkono ambayo hakuna mtu angeiona koti likivaliwa. Nani alijisumbua hivi, na kwa nini? Nikaendelea kufumua. Begani nikakuta pamba ya kujazia, na kwenye kola mistari ya chaki iliyofifia, ya mtu aliyekata kitambaa hicho katika nchi nisiyoijua. Mama aliporudi kutoka kanisani, koti lilikuwa vipande vipande, limetandazwa kitanda kizima.

"Aiya! Umelifanya nini?"

"Nilitaka kuona kola inasimamaje, mwaitu."

"Na umeona?"

"Bado."

"Sasa utavaa nini na hii baridi?" Akanirushia sweta yake. Halafu akaenda kuondoa sufuria na vikombe juu ya cherehani yake ya zamani, ambayo ilikuwa imegeuka meza tangu nikiwa shuleni.

Koti hilo nililiunganisha likatoka limepinda, kola imelala chali. Nikanunua jingine. Ilinichukua muda kugundua kwamba nilikuwa naamka asubuhi bila kuitwa.

Likizo ilipokwisha nilirudi ofisini kuaga. Mkubwa wangu, mwanamke wa rika langu, alidhani nimechukuliwa na kampuni nyingine.

"Hapana," nikamwambia. "Naenda kushona makoti Tala."

"Kwani wewe ni fundi?"

"Bado."

Alicheka. Kisha akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kuchoka kwangu kulianza vipi. Nikamweleza kuhusu treni. Alinyoosha tu miguu yake chini ya meza, akaitazama.

Nilijifunza kwa fundi mmoja mjini Machakos, kisha nikakodi chumba Tala, mkabala na duka la misumari na mabati. Nilichoogopa ni mteja mwenye hasira. Akaja mapema tu: mwalimu wa kwaya niliyekuwa nimempunguzia koti. Alilitupa juu ya meza.

"Hili linanibana! Jumapili nimeimbisha kama mtu amefungwa kamba."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Pole sana kwa usumbufu," kwa ile sauti ya ofisini. Nikalitazama koti. Nilipompima akiwa amesimama, lilimkaa vizuri. Sasa lilimbana wapi?

"Hebu livae," nikasema. "Uimbishe."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Kama Jumapili."

Akainua mikono kidogo, kwa aibu. Nikamwambia hivyo sivyo anavyoimbisha. Basi akaanza kuimba sauti ya nne, ile nzito ya besi, akirusha mikono, na wauza mabati wakatoka nje kutazama. Nilimzunguka nikiwa na chaki mdomoni. Kumbe kosa halikuwa mgongoni nilikodhani. Lilikuwa kwapani: nilikata chini mno, kila akiinua mkono koti zima linamfuata. Nilipomwonyesha, hasira ilikuwa imemwisha, naye akainama kutazama mshono pamoja nami.

Siku hizi kuna wiki wateja hawaonekani, na kuna wiki mgongo unauma kwa kuinama. Huwa nachoka. Lakini nikilala, nalala.

Jana mama mmoja wa Kangundo aliniletea koti la mvua lililopasuka begani. Nimelipindua ndani nje, sioni uzi hata mmoja. Limegandishwa kwa kitu nisichokijua.

"Utaliweza?" akaniuliza.

"Sijui. Niachie nilichunguze kwanza."

Liko mbele yangu sasa, na nimeshakata kipande kidogo cha pembeni nikiloweke kwenye maji moto, nione kitaachia au la.